Mtoto ana miezi minne na msimu wa sare za shule umekaribia: nifunge chumba cha cherehani au niendelee?

Fundi wa Ngamiani (Tanga)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kazi yangu naifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga Ngamiani, chenye mlango unaofungukia barazani. Nina cherehani mbili, moja ya miguu ambayo ndiyo niliyoanzia, na nyingine ya umeme niliyoinunua nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana fedha, pamoja na ovaloki ya mtumba. Kwa miaka sita nimeshona magauni, sare za harusi, na zaidi ya yote sare za shule, kwa kuwa wazazi wa mitaa hii huanza kuleta vitambaa mwezi wa Novemba, na kila mmoja hutaka sare ya mwanawe iwe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Msimu huo ndio unaonilipia kodi ya nyumba ya miezi sita.

Mwezi wa Juni nilijaliwa mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Arobaini niliitimiza vizuri. Mama alikuja kutoka Muheza, akanikanda maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, wala hakuniruhusu kugusa hata sindano. Aliporudi kwake nilifungua mlango wa barazani siku iliyofuata, kwa sababu wateja walikwisha kuanza kupita na kuchungulia. Tangu hapo sijapata siku hata moja ambayo naweza kusema kwamba mtoto nimemhudumia sawasawa na kazi nayo nimeifanya sawasawa. Kukata kitambaa naweza nikiwa naye mgongoni kwa mbeleko, lakini kushona siwezi, kwa kuwa nikiinamia cherehani kichwa chake kinaning'inia. Nikimlaza mkekani, hulala vizuri maadamu cherehani inalia. Ikinyamaza tu ili nibadilishe uzi, anaamka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikipiga pasi blauzi ya satini ya mteja wangu wa siku nyingi, mtoto akalia kilio kile cha kupaliwa, nikakimbia. Niliporudi, pasi ilikuwa imetoboa kifuani. Mteja hakunigombeza. Aliitazama blauzi kwa muda mrefu, akaniambia kwamba kitambaa kile alikinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilimlipa shilingi 45,000 nilizokuwa nimezitenga kwa kodi ya nyumba.

Mume wangu ni kibarua bandarini, na siku anazopata kazi hurudi usiku. Mama mkwe anashauri kwamba mtoto akifikisha miezi sita nimwachishe ziwa, nimpeleke kwake Lushoto alelewe huko hadi atakapokua kidogo. Jirani yangu anasema nifunge kazi hadi mtoto atimize mwaka. Nikifunga, mteja mwenye watoto watatu au wanne atahamishia vipimo vyao kwa fundi mwingine, na mteja wa namna hiyo akishahama ni vigumu kurudi. Nimekwisha kupokea oda za seti 11 za sare, na wengine wanaendelea kuuliza. Naomba ushauri wa waliopitia hali hii.

Mama wa Watatu (Dodoma)

Mdogo wangu, hongera kwa uzazi, na pole kwa blauzi. Nimeshona kwa miaka 19, na watoto wangu watatu wote wamelelewa karibu na cherehani, kwa hiyo nakuandikia kama fundi kwa fundi.

Kabla hujaamua kufunga au kutofunga, chukua ukurasa mmoja wa daftari lako la vipimo, na kwa siku tatu andika kila unapokishika kitambaa na kila unapokiacha. Nilifanya hivyo nilipompata mtoto wa pili, kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba siku nzima inapotea. Nilikuta nina saa nne na nusu za kazi kwa siku, isipokuwa zilikuwa zimekatika vipande vipande, na hakuna kipande kilichozidi dakika arobaini. Ukishaliona hilo katika maandishi, utajua kwamba ziko kazi zinazokubali kukatwa vipande na ziko zinazokataa. Gauni la mshono linakataa. Kola, zipu, mikunjo ya kiuno, mteja kuja kujaribu mara mbili na kubadili mawazo juu ya mikono, yote hayo yanataka ukae chini uwaze mfululizo. Blauzi ya satini ni ya kundi hilo hilo. Mimi nakushauri usipokee nguo za harusi wala satini hadi mwezi wa Machi, na uwaambie wateja waziwazi kwamba kwa sasa unashona sare tu. Mteja anayekuthamini atasubiri, na asiyeweza kusubiri ni afadhali aende mapema kuliko kitambaa chake kuharibika mikononi mwako.

Sare za shule za msingi, kwa upande mwingine, ni kazi iliyoumbwa kwa ajili ya mama mwenye mtoto mchanga. Kitambaa ni kimoja, rangi ni zile zile, shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu, na vipimo vya watoto wa darasa moja hukaribiana sana. Panga oda zako kwa ukubwa badala ya kuzipanga kwa majina, kunja kitambaa tabaka nne, ukibane kwa pini pembeni, na kwa mkato mmoja utoe migongo ya mashati manne. Kazi hiyo unaifanya umesimama, mtoto yuko mgongoni, naye anafurahi kwa sababu unatembea kuizunguka meza.

Sasa cherehani. Unazo mbili, na moja imekaa bure. Mtafute binti aliyemaliza mafunzo ya ushonaji katika chuo cha ufundi stadi cha VETA na hana mashine yake. Mitaani kwenu hawakosekani. Mweke kwenye cherehani ya pili, umlipe kwa seti, kwa kuwa mshahara wa mwezi utakuelemea msimu ukipita. Hapa kwetu seti ya shati na sketi naishona kwa 15,000. Anayenishonea namlipa 6,000, uzi, vifungo na zipu ni kama 2,000, na 7,000 zinabaki kwangu kwa kukata, kukagua na kukabidhi. Ni kweli kwamba ukishona mwenyewe ungebaki na 13,000, lakini kwa vipande vyako vya muda utamaliza seti moja kwa siku, mgongo ukikuuma na mtoto akilia, ilhali binti mwenye mkono mwepesi atamaliza mbili hadi tatu na wewe utakuwa umetumia saa mbili tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi.

Weka pia idadi ya mwisho. Oda zikifika 60, funga daftari, hata mzazi akija analia. Na unapotoa tarehe ya kuchukua nguo, ongeza siku tano juu ya ile unayoiona moyoni, kwa ajili ya siku ambayo mtoto atapata homa au umeme utakatika.

Jambo la mwisho linahusu sakafu, nalo naliandika kwa msisitizo. Mtoto wako sasa hatembei, lakini baada ya miezi mitatu au minne atatambaa, na atakiona kila kifungo na kila pini kabla yako wewe. Nunua sumaku, uifunge kwenye ncha ya fimbo, na kila jioni uipitishe chini ya cherehani na pembezoni mwa ukuta. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilitoa pini 23 katika chumba nilichokuwa nimekwisha kukifagia. Ikiwa unatumia pasi ya mkaa, usiiwashe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa alimolala mtoto, kwa kuwa hewa ya mkaa huua kimya kimya. Kazi ya pasi iwe ya jioni, baba yake akiwapo kumshika.

Muuguzi wa Kliniki (Mwanza)

Dada yangu, mengine wameyaeleza wanaoyajua. Mimi nitazungumzia kunyonyesha tu, kwa kuwa kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo lisiachwe lipite.

Miezi sita ndio wakati mtoto anapoanza kupewa chakula kingine, si wakati wa kumwachisha ziwa. Katika miezi sita ya kwanza mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, kisha huongezewa vyakula laini huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Hayo ndiyo maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo tunayoyafundisha kliniki. Namheshimu mama mkwe wako, na najua anasema kwa upendo, lakini mwelezeni kwa upole, wewe na mumeo, kwamba maziwa hayo yana faida kwa mjukuu wake kwa muda mrefu bado.

Kuhusu kazi, jifunze kukamua kwa mkono, kwa sababu hakuhitaji kifaa chochote cha kununua. Osha mikono kwa sabuni, tumia kikombe chenye mfuniko kilichooshwa na kuchemshwa, weka kidole gumba juu ya weusi wa titi na kidole cha shahada chini yake, sukuma kuelekea kifuani kisha bana na uachie. Usiburute vidole juu ya ngozi. Mara za kwanza utapata matone tu, na kina mama wengi hukata tamaa hapo. Endelea kwa siku chache, hasa baada ya mtoto kunyonya alfajiri, na maziwa yatakuja. Yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje ya friji mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, na kwa Tanga ya mwezi wa Novemba joto linavuka hapo, kwa hiyo usitegemee muda huo wote. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Kama huna friji, mtungi wa barafu wenye kufunga vizuri utayahifadhi hadi siku moja. Unapoyatumia, simamisha kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu; usiyachemshe. Anayemlisha atumie kikombe kidogo, kwa kuwa chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha, na maziwa ambayo mtoto ameyabakiza yasirudishwe kwenye akiba.

Angalia pia kadi ya kliniki sasa hivi, kabla msimu haujakuchukua. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinapaswa kuwa zimekamilika kwa umri wake. Nimewaona kina mama wafanyabiashara wakizikosa si kwa uzembe, bali kwa kuwa siku ya kliniki iliangukia siku ya mteja.

Binti wa Kahama

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nimeona nikuandikie ingawa si rahisi kwangu.

Mimi nauza vitenge sokoni. Mwanangu alipofikisha miezi minane nilimpeleka kijijini kwa mama yangu, kwa sababu nilikuwa nasafiri kufuata mzigo na sikuwa na mtu wa kumwachia. Mama alimlea vizuri. Sina la kumlaumu. Biashara ilikua, nikapata meza ya pili. Nilikuwa nikienda kumwona kila baada ya miezi miwili, kisha mitatu, kisha mzigo ukachelewa nikakaa mitano. Nilipokwenda sikukuu ya Pasaka alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Alipoambiwa aje aniamkie, alikuja mbio, akanishika mkono, akasema "shikamoo" kama anavyowaamkia wageni wote, kisha akarudi kusimama nyuma ya gauni la bibi yake.

Nilimchukua mwezi ule ule. Sasa ana miaka mitano na tunaelewana vizuri, lakini mwaka wa kwanza kila alipougua usiku alimlilia bibi, nami nilikuwa nimekaa kitandani pembeni yake. Sisemi kwamba kila anayempeleka mtoto kwa bibi anakosea, maana wapo ambao hawana njia nyingine kabisa. Wewe unafanyia kazi nyumbani kwako, mlango mmoja kutoka kitanda cha mtoto. Nafasi hiyo mimi sikuwa nayo, na ningeitoa meza ya pili ili niipate.

Baba Pacha (Morogoro)

Naomba ruhusa nichangie nikiwa mwanaume. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, na mke wangu ana saluni. Tulipopata pacha niligundua jambo ambalo kwa kazi yangu nilipaswa kulijua zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tena akirudi kazini mwajiri anatakiwa kumruhusu anyonyeshe kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mke wangu, aliyejifungua wawili, hakuwa na mwajiri wa kumpa hata siku moja. Tuliamua kwamba nyumba itajitungia utaratibu wake. Kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku watoto ni wangu, na saluni ni yake. Siku za kwanza nilikuwa nikimwita kila mara kumuuliza nepi ziko wapi, hadi aliponiambia kwamba kumwita ni sawa na kutomshika mtoto. Tangu hapo nilijifunza.

Dada, zungumza na mumeo kuhusu siku ambazo hapati kazi bandarini. Kibarua ana siku za kukaa, na siku hizo ndizo zako za kupiga pasi na kukabidhi nguo. Usimwombe akusaidie kwa jumla. Mpe saa maalumu, na mtoto awe mikononi mwake kweli kweli, wewe ukiwa umefunga mlango wa kati.

Kuhusu fedha, yale 45,000 yanaonyesha kwamba kodi ya nyumba na fedha za kazi zinakaa mfuko mmoja. Zitenganishe leo. Hata kama ni laini mbili za simu tofauti, moja ipokee malipo ya wateja na nyingine iwe ya nyumbani, na ujilipe kiasi kile kile kila Jumamosi. Chukua advansi ya nusu kwa kila oda ya sare, ili uzi na vifungo visitoke katika fedha za maziwa na mboga. Na msimu huu usikope ili kuongeza kazi. Najua watu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wanapita barazani kwa akina mama mwezi wa Novemba, kwa kuwa wanajua msimu wenu. Rejesho la kila wiki halijui kwamba mtoto ameugua. Ukitaka mtaji hapo baadaye, mtoto akishakua, iko mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake; ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ndiye wa kumwona.

Mama Mahamri (Mombasa)

Dadangu, mimi si fundi, nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Nitasema neno moja kuhusu usiku. Nilipokuwa na kifungua mimba wangu nilikuwa nikikanda unga saa nane za usiku kwa kuwa ndio wakati aliokuwa amelala, na asubuhi nikiuza, mchana nikilea. Baada ya miezi mitatu nilianguka jikoni karibu na karai la mafuta. Mwenyezi Mungu alininusuru. Usiulipe msimu kwa usingizi wako. Mtoto akilala mchana, angalau mara moja lala naye, hata kama kuna mtu barazani.

Fundi wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru sana, dada zangu na kaka yangu. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye hesabu ya siku tatu.

Dada wa Dodoma, nimepata saa tano, na kipande kirefu kuliko vyote ni dakika hamsini, baada tu ya kumwogesha saa nne asubuhi. Nilidhani sina hata saa tatu. Binti nimempata kupitia kwa wifi yangu; amemaliza mafunzo mwaka huu na mkono wake ni safi, isipokuwa anakaza uzi kupita kiasi, nasi tunaendelea kurekebishana. Tumekubaliana 6,000 kwa seti. Cherehani ya umeme nimempa yeye, mimi nimerudi kwenye ya miguu, ambayo mtoto ameizoea.

Jambo gumu lilikuwa kurudisha oda ya magauni manne ya wasindikizaji wa bibi harusi niliyokwisha kuipokea. Nilimpelekea mwenye shughuli vitambaa vyake na advansi yake nyumbani kwake, nikamweleza kuhusu ile satini bila kuficha. Hakufurahi, na sijui kama atarudi. Lakini nilipokuwa njiani nikirejea, nilijikuta napumua kwa namna ambayo sijapumua tangu Julai.

Mume wangu nimemsomea maneno ya Baba Pacha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nepi zinakaa wapi. Jana hakupata zamu, akamchukua mtoto kuanzia adhuhuri hadi alasiri, nikapiga pasi seti sita bila kuinua kichwa. Kuhusu Lushoto, yeye mwenyewe alimpigia mama yake simu na kumweleza habari ya maziwa. Mama amekubali kuja huku mwezi wa Desemba akae nasi wiki tatu, na ameomba tumtafutie mtungi wa barafu kabla hajafika, ili aone kwa macho yake jinsi maziwa yanavyohifadhiwa.

Muuguzi, kadi nimeiangalia. Ya wiki ya 14 tulikuwa hatujachoma. Tumekwenda leo asubuhi, amelia kidogo, na sasa amelala. Oda zimefika 17. Kesho tunaanza kukata mashati ya darasa la kwanza, tabaka nne nne. Naomba niulize jambo moja zaidi kwa mafundi: kitambaa cheupe cha mashati kinateleza sana kikifika tabaka ya nne. Je, mnakibana kwa pini pekee, au mnakiwekea kitu kizito juu yake?